Kiini Hakioshwi

Mama hakuuomba ule mtambo. Alichoomba, kwa maneno yake mwenyewe, ni nyumba ambayo mto hautaingia. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa bondeni, upande wa reli, hapo Kilosa mjini, na Mkondoa ulipofurika kwa mara nyingine maji yaliondoka na godoro, kabati la vyombo na ukuta mzima wa jikoni. Mama alijihifadhi kwa jirani mpaka matope yakakauka, kisha akampigia kaka yangu simu akamwambia amechoka kuanika vitu vyake juani kila masika.

Kaka yangu anaishi mbali, nchi ya baridi kali, na kazi yake huko ni kufunga mitambo ya kubadilisha hewa majumbani. Huko nyumba huzibwa kila upenyo ili joto la ndani lisitoke, kwa hiyo lazima kuwe na mashine ya kutoa hewa iliyochoka na kuingiza hewa mpya. Mara ya kwanza aliponieleza nilicheka. Nilimwambia hata sisi tunacho kitu cha namna hiyo, kinaitwa dirisha. Hakucheka. Alisema dirisha haliwezi kuchuja vumbi.

Alikuwa akiwaza mapafu ya mama. Mama alizaliwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kimamba. Babu aliletwa huko kutoka kusini akiwa manamba, mkataba ukaisha, naye hakurudi kwao. Mama alipokua aliingia kazini chumba cha brashi, mahali singa, nyuzi za mkonge, zinapopitishwa kwenye mashine zing'ae, na vumbi lake jeupe huwashukia watu kichwani hata huwezi kujua nani kijana na nani mzee. Baadaye aliolewa na baba, aliyekuwa kwenye gengi ya mafundi wa reli, wakahamia mjini. Baba alipofariki mama alitulea kwa vitumbua alivyovipika alfajiri kwa kuni na kuviuza pale stesheni. Vumbi kwanza, kisha moshi. Alipoanza kukosa pumzi kwa kutembea tu mpaka sokoni, daktari alisema mapafu yamechoka na hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa. La kufanya ni kumweka mbali na moshi na vumbi.

Kaka alisikia hayo maneno mawili, moshi na vumbi, akaona jibu analo mikononi.

Basi nyumba ikajengwa mahali pa juu, mbali na mto. Nyumba nzuri, sakafu ya vigae, kiyoyozi, na madirisha ya aluminiamu ambayo vioo vyake havikufunguka. Mtambo ulikuja kwenye kontena pamoja na masofa na baiskeli kuukuu. Kaka alikuja likizo akaufunga mwenyewe ukutani, ndani ya stoo, usawa wa juu kidogo ya kichwa. Lilikuwa boksi jeupe, ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni, lenye mabomba manne yaliyopotelea kwenye dari. Bomba moja lilivuta hewa nje. La pili liliipeleka hewa hiyo sebuleni na chumbani kwa mama. La tatu lilivuta hewa nzito ya chooni na jikoni, na la nne liliitema nje nyuma ya nyumba.

Katikati ya boksi ndiko kulikokaa kitu chenyewe. Kaka alikivuta nje taratibu, kama mtu anayetoa mkate kwenye chombo ungali wa moto, akaniweka karibu nikione. Ni mche wa pembe nne, mwepesi, uliojaa vitundu vyembamba vilivyotengenezwa kwa kitu kinachofanana na karatasi ngumu. Alisema hewa inayotoka na hewa inayoingia hupita humo zikiwa jirani bila kuchanganyika. Hewa ya ndani, iliyopozwa na kiyoyozi, inapotoka huichukulia ile ya nje joto lake na unyevu wake, kwa hiyo hewa mpya inaingia ikiwa imeshapoa nusu. Alikiita kiini.

“Vichujio utaviosha,” aliniambia. “Boksi utalifuta. Feni utazipangusa. Lakini kiini hakioshwi. Unapitisha mashine ya kunyonya vumbi juu yake, brashi laini, basi. Maji hayagusi.”

Niliteuliwa mimi kwa sababu nilikuwa karibu. Nafanya kazi Mikumi, nyumba ya wageni iliyopo kando ya lami, ambako nasimamia wasafishaji wa vyumba. Mashuka, vyoo, mapazia, vumbi la malori. Kaka alisema mtu wa usafi ndiye hasa anayefaa, na sikuona la kupinga. Kila mwezi nikipata mapumziko nilipanda basi la kwenda Kilosa, kupitia Zombo, na kiangazi nilishuka nikiwa mwekundu mpaka kope. Mama alikuwa akinipokea mlangoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Jikung'ute kwanza. Wewe ndiye unayeleta vumbi, halafu wewe ndiye unayelitoa.”

Tulicheka, na baada ya kucheka nilibadilisha nguo nikaingia stoo. Simu niliisimamisha kwenye rafu, nikiiegemeza kwenye sufuria, na huko upande wa pili kaka alikaa akinitazama, mara nyingi akiwa amevaa sweta. Aliuliza kama nimezima umeme. Nikijibu ndiyo, aliuliza tena. Ndipo nikapanda stuli, nikafungua vibano, nikashusha mlango wa boksi. Vichujio vilitoka vikiwa vya rangi ya ardhi. Mwezi wa mashamba kuchomwa vilitoka vyeusi, na nikivikung'uta nje masizi yalipaa kama ya jiko la kuni. Niliviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikavianika kivulini. Nilizunguka nyuma ya nyumba kuangalia wavu wa bomba la nje, na mara moja nilikuta nyigu wamejenga humo, wakaniuma sikioni. Nilifuta boksi kwa kitambaa chenye unyevu. Mwisho nilivuta kiini, nikapitisha mashine ya kunyonya vumbi niliyoazima kazini, nikakirudisha kwenye reli zake mpaka kilipogonga nyuma.

“Vizuri,” kaka alisema. “Sasa washa nisikie.”

Nikawasha, akasikiliza, akafurahi, akakata simu.

Siwezi kusema mtambo haukusaidia. Mwaka wa kwanza mama alikohoa kidogo kuliko zamani. Aliweza kulala chali, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. Mito haikuwa na vumbi, meza haikuwa na vumbi, na chumbani kwake palikuwa na ubaridi mtulivu, kama wa kanisani asubuhi. Nilijivunia ile hewa. Wageni wachache waliopita niliwaambia kwamba nyumba hii inapumua yenyewe.

Ila wageni walikuwa wachache kweli, na hilo nilichelewa kulitazama. Mlango ulitakiwa ufungwe muda wote. Jirani yetu wa zamani, mama mwenye genge la nyanya barabarani chini ya nyumba mpya, ambaye bondeni alikuwa akiingia kwetu bila hodi, sasa alisimama nje akagonga, akangoja, akaingia, akakaa pembeni ya sofa akitazama juu kwenye tundu la hewa. Wanawake wa jumuiya ya kanisa, waliokuwa wakisali kila wiki kwa zamu za nyumba, walikuja kwa mama mara mbili tatu. Mmoja wao aliuliza kama avue viatu. Mwingine alisema anasikia baridi ya miguu. Zamu ya nyumba ya mama ilipofika tena wakasema watasalia kwingine wasimsumbue mgonjwa. Mama aliwaambia yeye si mgonjwa, lakini alikuwa ameshaanza kukohoa wakati wa kulisema.

Alikuwa akiuita ule mtambo “mgeni wenu”. Mgeni wenu amelia mchana kutwa. Mgeni wenu hataki nikaange dagaa. Nilidhani ni utani. Siku nyingine aliuzima akafungua mlango wa mbele, akakaa kizingitini kutazama watu wanaopanda na kushuka barabara. Lakini kaka alikuwa amefunga kifaa kidogo kwenye soketi kilichomwonyesha kwenye simu yake kama mtambo unafanya kazi. Haukupita muda simu ya mama ikaita. Aliulizwa kwa upole, kaka si mkali kwa mama, lakini aliulizwa. Umeme umekatika? Kwa nini umezimwa? Mama alinyanyuka, akafunga mlango, akauwasha. Aliniambia siku moja kwamba hajawahi kuishi na mkwe, ila sasa anajua inavyokuwa.

Mwaka uliofuata mvua zilianza mapema na hazikupumzika. Barabara ya Mikumi kwenda Kilosa ilikatika mbele ya Zombo, maji yakapita juu ya daraja dogo, mabasi yakasimama. Kuzunguka kwa njia ya Morogoro kulihitaji siku ambazo sikupewa kazini, kwani wageni waliokwama njiani walijaa vyumba vyote. Nilimpigia mama simu kila jioni. Alisema hajambo. Sauti yake ilikuwa nzito, nikamuuliza, akajibu ni mafua ya mvua, kila mtu anayo. Nilimuuliza mtambo vipi. Akasema unaendelea vizuri, nisiwe na haraka ya kuja kuusafisha.

Barabara ilipofunguka nilipanda basi la kwanza. Nilifika mchana. Mama hakuja mlangoni. Nilifungua kwa ufunguo wangu, na kabla sijaweka mkoba chini nikapata harufu, ile ya gunia la mahindi lililolowa likasahaulika. Ilikuwa kila mahali, ila ilinijia zaidi kutoka juu, kwenye matundu ya hewa. Mama alikuwa chumbani, ameketi kitandani ameegemeza mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Hapo juu ya kichwa chake tundu lilikuwa likimpulizia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Sikumsalimia. Nilimfunga khanga, nikatoka barabarani kuita bajaji, na mama mwenye genge akanisaidia kumshika upande mmoja. Njiani mama alijaribu kuniambia kitu, pumzi haikutosha.

Hospitalini walimweka kwenye oksijeni na dawa za mshipa. Daktari, dada mmoja kijana mwenye macho ya uchovu, aliniuliza kama nyumbani kuna unyevunyevu au ukungu. Nilimwambia nyumba ni mpya na ina mtambo wa kuchuja hewa. Aliandika, akasema ni vizuri niuangalie huo mtambo.

Asubuhi yake nilirudi nyumbani peke yangu. Nilizima umeme, nikapanda stuli, nikafungua. Sikuisimamisha simu. Vichujio vilikuwa safi, vimeoshwa. Nilipotaka kuvuta kiini kikagoma. Nilikivuta kwa nguvu kikatoka kimepinda, kimevimba upande mmoja, vitundu vyake vimelaliana kama kadi zilizonyeshewa. Madoa meusi yalikuwa yametapakaa ndani, mengine yameota manyoya. Na juu ya ukungu ule, kwa mbali, kilinuka sabuni ya unga.

Nilikaa juu ya gunia la mchele nikakipakata. Nilijua mikono ya nani. Kwa miezi yote ile mama alikuwa akisimama mlangoni mwa stoo akinitazama nikifanya kazi.

Mchana nilipompelekea uji alikuwa anaweza kusema maneno machache machache. Sikumuuliza. Aliniangalia, akaona usoni kwangu kwamba nimeshafungua.

“Usimwambie kaka yako,” alisema.

Nilimwambia sitasema. Nikamnywesha uji.

Kaka alipiga simu jioni hiyo na jioni zilizofuata. Nilimweleza kwamba kiini kimeota ukungu, kwa sababu hilo lazima alijue. Alitaka kujua kimeotaje. Alisema kiini hakioti ukungu kikiwa kikavu. Aliniuliza mara ya mwisho nilikisafisha lini na vipi, kama nilikitia maji, kama nilimwachia mtu mwingine, na mimi nilijibu kwamba barabara ilikuwa imekatika. Mwishowe alisema maneno ambayo bado yamenikaa moyoni. “Nilikupa kitu kimoja tu cha kufanya.” Hakupandisha sauti. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa wodi, wagonjwa wanapita na ndoo zao, nikasema sawa kaka. Nilikuwa na hasira naye, nikawa na hasira na mama pia, mgonjwa wa watu aliyelala na mpira puani, na hiyo ya pili ilinitia aibu.

Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani. Nilikuwa nimeziba matundu yote kwa magazeti na kuacha mlango wazi mchana kutwa ili harufu itoke. Juma lile lile kaka akafika. Hakutuambia kwamba anakuja. Tulisikia bajaji imesimama, akaingia na begi lake, mnene kuliko kwenye simu, nywele zimeanza mvi. Alimwamkia mama, akampigia magoti kitandani akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaniambia, “Kiko wapi?”

Nilikuwa nimekiweka stoo ndani ya mfuko wa plastiki. Alikitoa, akakigeuza dirishani kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye ukingo. Akakinusa. Nilijua hapo kwamba atajua, maana ni kazi yake.

“Hiki kimeoshwa,” alisema. “Kimeoshwa kwa sabuni, kikaanikwa juani, kikarudishwa hakijakauka. Nilikwambia mara ngapi?”

Akasema zaidi. Akasema huko anakofanya kazi watu wanalipa ili wapate hewa kama hii, na sisi tumepewa tukaigeuza sumu. Akasema mama angeweza kufa kwa uvivu wa mtu kufuata maelekezo. Nilitazama vigae. Nilikuwa nimeahidi, na sikuona namna ya kujitetea bila kumtaja mwanamke mzee aliyelala chumba cha pili.

Lakini hakuwa amelala. Tulimsikia akija, mkono mmoja ukisugua ukuta, akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi. Alifika mlangoni mwa stoo, pale pale alipozoea kusimama.

“Muache mwenzio,” alisema. “Nimekiosha mimi.”

Kaka aligeuka. Nadhani alidhani mama ananikingia. Mama akasubiri pumzi irudi, akaeleza yote kwa mpangilio, kama anayeeleza upishi. Alizima kwenye swichi, na kaka alipopiga simu kuuliza akamjibu kwamba umeme umekatika. Alipanda stuli. Alifungua vibano viwili, akavuta kile kitu, kikatoka vumbi jingi la moto wa mashamba. Alikiweka kwenye karai kwa maji na sabuni, akakisuuza mpaka maji yakawa meupe, akakianika kwenye mkeka. Wingu likaja. Akaona akirudishe kabla mvua haijakilowesha, maana feni itakikausha. Alifurahi siku ile, alisema, kwa jinsi kilivyotakata.

“Kwa nini, mama?” kaka aliuliza. “Anakuja kila mwezi kwa ajili hiyo.”

“Ndiyo. Anakuja kwa ajili hiyo.”

Alinyoosha mkono akashika fremu ya mlango.

“Akifika anapanda stuli. Akishuka anaoga, anakula, amechoka, analala. Asubuhi basi. Nikasema kazi hiyo nikiimaliza mimi, siku akija atakuta imekwisha, atakaa. Na wewe ukipiga unauliza mashine. Imewaka, imezima, inalia vipi. Nami nakujibu ya mashine.”

Kaka alikuwa bado ameshika kiini. Akakaa chini, palepale sakafuni mwa stoo, mtu mzima na suruali yake nzuri ya safari.

“Mama, nauliza mashine kwa sababu nikikuuliza wewe unasema hujambo,” alisema. “Kila siku hujambo. Mashine angalau inaniambia ukweli.”

“Basi uwe unaniuliza mara ya pili,” mama alisema.

Mama ndiye aliyechoka kwanza kusimama, tukamrudisha kitandani, kaka upande mmoja, mimi upande mwingine. Kaka hakuniomba radhi siku ile. Aliniomba radhi siku nyingine kabisa, tukiwa sokoni tukichagua samaki, kwa sentensi moja fupi, na akaendelea kubonyeza samaki macho.

Muda uliobaki wa likizo yake tuliumaliza kwa kubishana. Kaka alitaka kuagiza kiini kipya na kuweka kufuli kwenye boksi. Mama alitaka dirisha. Si madirisha yote, moja tu, la sebuleni, linalotazama barabara. Kaka alimkumbusha maneno ya daktari kuhusu vumbi na moshi. Mama alimjibu kwamba ameyasikia, mapafu ni yake. Mimi nilivutwa huku na huku. Nilikuwa nimeona vile vichujio vilivyokuwa vikitoka, nilijua ni nini kingekuwa kinaingia kifuani mwake miezi yote ile. Na nilikuwa nimeona sofa zinavyokaa bila mtu.

Mwisho tulikubaliana, kama makubaliano ndilo neno lake. Fundi wa aluminiamu alikuja akatoa kile kioo kizima cha sebuleni akaweka cha kuteleza chenye wavu. Kaka aliziba bomba la sebuleni, hewa yote ya mtambo ikaelekezwa chumbani kwa mama, ili angalau akilala apate hewa safi. Mlango wa chumba ungefungwa, dirisha la sebuleni lingefunguka. Kile kifaa cha kwenye soketi alikichomoa mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akakitia mfukoni. Nilimsindikiza stesheni. Alinikumbatia kwa mkono mmoja akaniambia kiini kipya kikifika atanipigia tukifunge pamoja, ila nichague siku ambayo si ya kwenda kumwona mama. Nilimwambia kiini kiko nyumbani kwa mama, nitakifungaje bila kumwona. Alicheka, kisha uso wake ukabadilika akapanda treni.

Kifurushi kilifika baada ya masika. Nilikifunga kiini kipya, na hewa ya chumbani ikarudi kuwa ile ya mwanzo. Sasa nikienda nakaa siku mbili inapowezekana. Siku ya kwanza siingii stoo. Tunapika, ananisimulia habari za watu wa Kimamba ambao wengi wao siwajui, tunapitiwa na usingizi kwenye sofa mchana. Kaka hupiga simu, anauliza, anauliza tena. Mara nyingine kwenye swali la pili mama humwambia kwamba leo kifua kimembana. Naona linavyomwuma kaka kulisikia akiwa huko alipo, lakini analisikia.

Ningependa niishie hapo, ila mambo hayakuishia hapo. Kiangazi kilipokolea na mashamba yakaanza kuchomwa mama alilazwa tena. Safari hii hapakuwa na ukungu wa kulaumu. Daktari yule yule aliniambia mapafu yanaendelea kushuka na kwamba yangeshuka kwa vyovyote, labda polepole zaidi, labda vilevile. Nilimuuliza kuhusu dirisha. Alisema vumbi halifai. Kisha akauliza kama mama anakaa peke yake, nikamwambia siku hizi watu wanakuja, akasema hilo nalo ni zuri. Nilitoka pale bila jibu. Kaka aliponiuliza kwenye simu kama dirisha lilikuwa wazi, nilimwambia lilikuwa wazi. Akaniuliza mama anakula nini.

Mara ya mwisho kwenda nilifika mchana wa upepo. Kutoka chini barabarani nilisikia nyimbo. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamejaa sebuleni, wengine wamekaa sakafuni, viatu vimerundikana mlangoni, na mama wa genge ameketi ubavuni kwa mama ingawa yeye ni Mwislamu na hakuja kusali. Dirisha lilikuwa limefunguliwa mpaka mwisho. Nje lori la matofali lilikuwa limepita, na vumbi lake lilikuwa likielea ndani polepole kwenye mwanga, juu ya vichwa vyao. Mama alikuwa amekaa karibu kabisa na wavu. Aliimba mstari mmoja, akakohoa mistari miwili, akashika wa nne.

Nilipita katikati ya magoti ya watu nikaweka mkono kwenye kioo nikivute. Mama aliuweka wa kwake juu ya wangu. Ulikuwa mwepesi, wa moto.

“Acha kwanza,” alisema. “Hawajamaliza.”

Niliangalia vumbi lile, nikamwangalia yeye. Mtu mmoja alisogea akanipa nafasi sakafuni. Nilikaa. Wimbo uliofuata nilikuwa naujua, nikaimba nao, na muda wote nilikuwa nikihesabu kikohozi chake.